Antena zisizoonana: njia ya taswira au kurusha miale?

antena_ya_sufuria
Wadau, habari za jioni. Nina antena mbili za gigahazi 5.8. Moja iko juu ya ploti yetu hapa Pipeline, Nairobi, nyingine kwa binamu yangu, kama mita 500 hivi. Katikati ni maghorofa matupu, hazionani. Kabla sijapanda na drili nataka kuiga njia ya mawimbi kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ina RAM ya GB 8 tu. Nitumie taswira au nirushe miale?

mwalimu_hazi
Una kuta ngapi? Kwenye njia ya taswira, kila ukuta ni kioo: unazaa pacha wa antena upande wa pili, kisha unavuta mstari kutoka kwa pacha hadi kwa mpokeaji. Mstari ukipita ndani ya ukuta huo, njia ipo, na urefu wake ni kamili. Ugonjwa wake ni hesabu. Kuta 200, mdundo mmoja (yaani wimbi linagonga ukuta mara moja): mapacha 200. Midundo miwili: 39,800. Mitatu: 7,920,200. Na kwa Pipeline, kuta 200 hata hujatoka stejini.

juakali_redio
Ndiyo maana mimi hurusha tu. Unamwaga miale pande zote kama maji ya hosi, unahesabu iliyofika. Midundo kumi kompyuta haishtuki.

mwalimu_hazi
Polepole, ndugu. Miale miwili iliyoachana digrii 1, ikifika mita 500 kati yao kuna karibu mita 9. Antena ya binamu itapotelea humo. Ndiyo sababu kwenye programu antena huzungushiwa tufe la kupokea, la kuwazia tu: likiwa kubwa mno unahesabu njia moja mara mbili, likiwa dogo unaikosa. Urefu wa njia nao unabaki makadirio. Urefu wa wimbi hapa ni sentimita 5.2, kosea 2.6, na mawimbi yaliyopaswa kusaidiana yanauana.

juakali_redio
Haya, nimenyamaza.

binti_wa_mnara
Si mchanganye tu? Rusha miale ujue imegonga kuta zipi na kwa mpangilio gani, halafu piga taswira kwa kuta hizo pekee. Sionna RT, programu ya NVIDIA ya kuiga mawimbi, hufanya hivyo, na ni ya bure. Ila hakikisha toleo lako linahesabu mawimbi yanayopinda kwenye ukingo wa paa. Antena zisizoonana mara nyingi huongea kupitia hapo, na midundo peke yake haitakuonyesha.

juu_ya_mabati
Na mabati je? Programu nyingi huona kila ukuta bapa. Bati la migongo, kutoka mgongo hadi mgongo ni kama sentimita saba na nusu, kubwa kuliko wimbi lenyewe. Mwale haurudi mmoja, unatawanyika.

Mimi niliwahi kuiga Umoja kwa ramani ya OpenStreetMap. Majengo mengi yalikuwa na umbo la chini tu, kimo hakuna, programu ikayapa yote kimo kimoja. Ikaniambia njia nyeupe. Kupanda juu, mbele yangu ghorofa nane, matangi meusi ya maji na jinzi za watu zimeanikwa. Usiku mzima nilikuwa nimebishana na midundo!

antena_ya_sufuria
Hahaa, kwetu matangi ni manne. Basi nafuata binti_wa_mnara, lakini vimo kwanza. Keateka wa ploti ndiye mwenye ufunguo wa paa, amesema Jumamosi. Nitahesabu ghorofa kwa macho, kila moja mita 3. juakali_redio, si uko Donholm? Kuja na futi kamba.