Mrejesho: ile septiki (tangi la chini la maji machafu ya choo) iliyokuwa yarudisha maji

Wadau nimerudi, ni yule wa Kisauni niliyeuliza mbona choo charudisha maji na lori la kunyonya lilikuja mwezi jana tu. Mlioniambia nisiite lori tena nifungue kwanza mfuniko wa tangi upande wa maji kutokea, Mungu awabariki, maana fundi alipofunua tukakuta ile tii ya paipu (kiungo cha umbo la T pale maji yanapotokea) imeziba kabisa, mafuta ya kupikia yameganda meupe kama samli yameshikana na vile vitambaa vya kupangusia watoto, na wapangaji kila mmoja aapa si yeye, haya. Akachovya mti uliofungwa kitambaa cheupe kupima kama tangi limejaa, kumbe tope kidogo tu huko chini. Kuzibua tu, maji yakashuka kwenye soku piti, lile shimo la maji kunywea ardhini. Mafuta ya viazi karai sasa namwaga koponi.