Tupeane uzoefu: kuandaa mameneja kutoka ndani ya kampuni, Arusha na Moshi

Mzee wa Njiro
Wakuu, heshima kwenu. Kampuni kubwa za huku kwetu, za utalii, maua, kahawa, sukari, zikipata pengo la meneja zinakimbilia kutangaza nafasi Dar au Nairobi. Ndani kuna mtu anaijua kazi nje ndani, ila hakuna aliyemwandaa. Leteni mbinu za kumwandaa na zinakokwama. Historia za maisha tuziache kwa leo.

Naanza. Kozi pale ESAMI, chuo cha mafunzo ya uongozi hapa Arusha, ni nzuri, lakini ikitangulia madaraka mtu anarudi na faili na picha ya pamoja. Akaimu kwanza, akwame, ndipo aende darasani na maswali yake.

Boila Namba 3
Kukaimu ni kwa barua, na barua isiishie "utakaimu nafasi ya meneja". Itaje tarehe ya kuanza na ya kumaliza, posho, mambo asiyoruhusiwa kugusa (kufukuza mtu, kwa mfano), na kiwango cha fedha anachoidhinisha bila kuuliza, tuseme shilingi 2,000,000.

Hapo kwenye fedha ndipo wengi wanapochemsha. Beringi ya pampu imekufa Jumamosi mchana, stoo hakuna, duka la Moshi mjini linafunga saa kumi, na kaimu hawezi kusaini hata laki tatu mpaka ampate bosi aliye likizo. Zamu nzima inaona. Kuanzia siku hiyo mafundi wanampigia bosi moja kwa moja, kaimu kabaki na cheo cha mdomoni. Kwa hiyo bosi akiondoka, simu ya kazi aiache ofisini.

Muda: wiki mbili mtu yeyote anaweza kuigiza. Miezi mitatu inatosha kuona. Ukipita sita bila kumthibitisha wala kumrudisha, unamtumia tu.

Dada wa Maua
Kaka Boila, umesahau ovataimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na zisizidi 50 kwa mzunguko wa wiki nne. Anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo kwenye masharti hayo.

Sasa piga hesabu. Msimamizi wa chumba cha kufungashia maua, Usa River, mshahara 600,000, wiki ya saa 45. Saa moja ni kama 3,077, ya ziada 4,615. Saa 50 za kukimbizana na maua ya Februari 14 zinampa karibu 230,000. Ukimpandisha awe meneja kwa nyongeza ya laki moja, ovataimu hana tena, msimu ukija kipato kimeshuka. Akikataa mnasema hana malengo! Chukua hati zake za mshahara za miezi 12, toa wastani wa anachopokea, mshahara mpya uanzie juu ya hapo.

Dereva Mkuu
Kwenye utalii ni mbaya zaidi, dada, maana tipu za mwongoza wageni hazimo kwenye hati yoyote. Muulize mwenyewe, kwa adabu.

Kosa jingine: wanamkaimisha mtu Aprili kwa sababu ofisi imetulia. Magari yamelala, utampima kwa lipi? Aprili na Mei ajifunze bei, upangaji wa magari na malipo ya hifadhi. Juni mpaka Agosti ashike kweli. Springi imekatika Ngorongoro, wageni wana ndege KIA jioni: anatuma gari la pili kwanza, au anatafuta kwanza wa kulaumu?

Mzee wa Njiro
Kumjaribia mtu msimu wa wageni si hatari, Dereva?

Dereva Mkuu
Ni hatari, ndiyo maana awepo mmoja wa juu wa kuulizwa. Mmoja tu. Wakiwa watatu kila mmoja atatoa amri yake.

Dada wa Maua
Na wakuu wa idara wanaficha watu wao wazuri. Wana haki: wakimtoa wanabaki na pengo, hakuna anayewashukuru. Mbadala apatikane kabla mtu hajahama, na kwenye tathmini ya mkuu wa idara ya kila mwaka kiwemo kipengele cha wangapi wametoka kwake wakapanda. Wale waliokosa nafasi waitwe mmoja mmoja na bosi mwenyewe kabla tangazo halijabandikwa ubaoni.