Kibarua kwenye kiwanda cha sabuni Bukavu: kazi ikoje?

Mwana-Kadutu:
Bayaya, Jumatatu naanza kiwanda cha sabuni, upande wa kupika. Nijitayarishe na nini?

Fundi wa Pipa:
Adui ni soda kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Vaa miwani, glavu ndefu za mpira na buti. Suruali ishuke juu ya buti, usiichomeke ndani. Mimina soda kwenye maji, kamwe si maji juu ya soda: itachemka ghafla ikurukie. Mawese kilo 100 hutaka soda kama kilo 14. Ikizidi, sabuni inachoma ngozi. Ikipungua, inabaki laini, ya mafutamafuta. Soda ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi. Usipake siki.

Dada Ibanda:
Kwenye kukata sabuni kinachoumia ni mgongo tu. Sabuni ikikatwa ingali moto, vipande vinapinda, ukichelewa, vinapasuka.

Mzee Nguba:
Andika siku zako, kijana. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002: kibarua aliyefikisha siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unakuwa wa muda usio na kikomo.

Mwana-Kadutu:
Aksanti. Glavu nanunua?

Fundi wa Pipa:
Hapana, ni juu ya patro, yaani mwajiri. Akikupa za kitambaa kataa, soda inapenya.