Naomba ushauri: meneja anatuma kazi usiku kwenye grupu la WhatsApp

Wakuu, habari za muda huu. Nipo kampuni binafsi hapa Dar, kitengo cha mauzo. Meneja wetu mpya ni kijana, hataki kuitwa bosi, anatuita "familia". Na kusema kweli kuna mambo kayaboresha. Siku hizi hata dereva anaongea kikaoni na anasikilizwa.

Shida ni hilo grupu. Saa nne usiku anataka ripoti, Jumapili anauliza mbona watu wameona ujumbe na hawajajibu. Ukikaa kimya, Jumatatu unaambiwa huna ari ya kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada ni kwa makubaliano, zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Sasa kujibu WhatsApp kitandani kunahesabiwaje?

Aliyewahi kuliongea hili kazini bila kuonekana mkorofi, alianzaje? Nimfuate mwenyewe, nipitie HR, au tumwendee kama timu? Mkataba wangu unaisha Desemba, kwa hiyo habari za CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) tuziache kwanza.