Naomba ushauri: krimu ya vipele vya pampasi

Assalaam alaykum mama zangu na dada zangu. Mwanangu ana miezi saba, tupo Wete, na kwa joto hili la kaskazi katoka vipele vyekundu makalioni. Ukimgusa na kitambaa tu, kilio. Mchana namfunga winda, usiku pampasi. Mafuta ya nazi nimempaka, naona yanalainisha tu. Poda ya bibi yake nimeikataa kwa adabu, mtoto asije akaivuta puani.

Duka la dawa wana krimu ya zinki na mafuta ya mgando. Ipi nimpake sasa ngozi imechubuka, na ipi ya kila siku kuzuia? Na vidoadoa vilivyoingia kwenye mikunjo ya mapaja, yaweza kuwa fangasi, nimpeleke kituo cha afya kwanza?