Ushauri: Mimi na mume wangu hatuelewani kabisa kwenye muvi za Krismasi, nyie wenzetu mnafanyaje?

Dada Mtulivu:
Habari zenu wanajukwaa. Naombeni ushauri, hasa nyie mlio kwenye ndoa.

Mimi nimekulia nyumba ambayo mkesha wa Krismasi una muvi moja tu, Home Alone, ile ya mtoto anayeachwa peke yake nyumbani na kuwategea wezi mitego. Tuliijua neno kwa neno, hata wadogo zangu walikuwa wanamtangulia mwigizaji kusema. Mume wangu kwao hawakuwa watu wa runinga. Sikukuu kwao ilikuwa nyumba kujaa ndugu, watu wanapiga soga mpaka usiku wa manane.

Sasa tuko wawili, na kila Desemba ni mvutano. Yeye akichagua muvi ni Die Hard, na anasisitiza kwamba hiyo ni muvi ya Krismasi. Mimi nikiangalia naona risasi na vioo vinavyopasuka. Asipoweka hiyo, anafungua tamthilia mpya tarehe 24 na hainuki hapo mpaka msimu mzima uishe. Mwisho wa siku yeye yuko kwenye runinga, mimi nimevaa hedifoni nipo na simu yangu.

Naumia kwa sababu tunatarajia kupata watoto, na ningependa siku moja waseme "nyumbani kwetu Krismasi tulikuwa tunafanya hivi." Hiyo "hivi" kwa sasa hatuna. Mlianzaje yenu? Mnaangalia nini, na nani anaamua?

Mpenda Sinema:
Dada, kwenye Die Hard naomba nimtetee shemeji. Ni kweli ilitoka Julai 1988, wakati wa kiangazi kule Marekani, lakini hadithi yote inatokea usiku wa mkesha wa Krismasi, kwenye sherehe ya ofisi. Ukiweka milipuko pembeni inabaki hadithi ya ndoa. Polisi wa New York amepanda ndege mpaka Los Angeles kumfuata mkewe, ambaye kazi imewatenganisha. Anafika mapokezi, anatafuta jina la mke kwenye skrini, halipo. Amerudia jina la kwao! Muangalie uso wake pale. Kisha wanakutana, wanagombana, mke anaitwa nje, mume anabaki peke yake akijilaumu kwa alivyoongea. Kabla hawajapata nafasi ya kuyamaliza, majambazi wameshaingia. Muda wote unaofuata yule mtu anapigania nafasi ya kuongea tena na mkewe.

Naye umwombe aangalie Home Alone ya 1990 bila kusubiri mitego. Amngoje yule mzee jirani ambaye watoto wote wa mtaa wanamwogopa. Kanisani anakaa karibu na mtoto, anamweleza kwamba yeye na mwanawe hawasemezani miaka mingi. Mtoto anamuuliza kwa nini asimpigie simu tu. Mzee anasema anaogopa mwanawe atakataa kuongea naye. Kwangu mimi hapo ndipo muvi yenyewe ilipo, wezi ni burudani tu.

Mtaona wote wawili mnapenda hadithi ileile: mtu anayetaka kurudi kwa watu wake.

Mama Wawili:
Mpenda Sinema umeongea vizuri sana. Mimi naongezea upande wa ratiba, maana nyumba nyingi zinakwama hapo.

Muvi haina shida, inaisha. Tamthilia ndiyo inayomeza sikukuu. Sehemu kumi za saa moja moja ni saa kumi, na kila sehemu inaishia mahali ambapo huwezi kuzima. Sisi tulikubaliana tamthilia mpya haifunguliwi kabla ya tarehe 26. Kati ya hapo na Mwaka Mpya siku zimelegea, hata mkikesha nayo hakuna anayedai kitu.

Na msijaribu kuangalia zote mbili usiku mmoja ili kila mtu aridhike. Home Alone ni kama saa moja na dakika arobaini na tatu, Die Hard inapita saa mbili. Jumla karibu saa nne, lazima mmoja alale, na aliyelaliwa muvi yake ataumia. Gawaneni siku. Simu ziende kuchajiwa chumbani.

Kijana wa Kati:
Mimi niko tofauti na wenzangu. Kwa nini mlazimishane? Mila inakuja yenyewe. Kila mtu aangalie chake, mkutane mezani.

Bwana Taratibu:
Kijana, nakuelewa, lakini mila nyingi za sikukuu zilianza kwa watu kurudia kitu mpaka kikashika. Mfano ni It's a Wonderful Life. Ilitoka 1946 na mauzo yake hayakutosha kurudisha gharama. Mwaka 1974 haki zake hazikuhuishwa, ikawa vituo vya televisheni Marekani vinaweza kuirusha bila kulipia, basi vikairusha Desemba baada ya Desemba. Watu wakaizoea, ikawa muvi ya Krismasi kuliko zote. Ujerumani nako wana mchezo mfupi wa kuchekesha, Dinner for One, uliorekodiwa 1963. Haufiki hata nusu saa, umechezwa kwa Kiingereza, na kila tarehe 31 Desemba unarushwa. Wanaujua wote, na bado wanakaa kuuangalia.

Kwa hiyo dada, chagueni kitu kimoja, mkirudie mwakani hata kama mwaka huu hakikunoga sana. Mwaka wa kwanza hauna ladha ya mila, haiwezekani.

Shangazi Mshauri:
Wanangu, nimesoma wote, na naona kuna mtu tumemsahau. Tunapanga muvi ya mke na muvi ya mume, wakati dada ametuambia mwanzoni kabisa kwamba kwao mume sikukuu haikuwa muvi. Ilikuwa watu na mazungumzo. Urithi wake kwenye hii nyumba uko wapi?

Mtu aliyezoea nyumba iliyojaa, mkimweka kwenye nyumba ya watu wawili usiku wa Krismasi, kimya kinamlemea. Naweza kukosea kwa kuwa simjui, lakini tamthilia ndefu ina watu wengi na sauti nyingi. Pengine anaijaza nyumba kwa namna hiyo. Mwanangu, muulize kwa upole mkesha wa kwao ulikuwaje. Nani alikuwa anasimulia, nani anachokoza, walilala saa ngapi. Usimkatize kumwambia wa kwenu ulikuwaje, siku hiyo iwe yake. Muvi mtaipanga baadaye.

Mama Wawili:
Shangazi, hapo umenigusa. Ratiba yangu ibaki, ila hili litangulie.

Dada Mtulivu:
Asanteni sana wote. Shangazi, nimemuuliza jana usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza na sikujua kama angemaliza! Anasema mama yake alikuwa anasimulia kisa kilekile kila mwaka, jinsi baba yao alivyokuja kuposa akaingia nyumba ya jirani, na wajomba wanamkatiza kila akifika mahali fulani, "hapana, haikuwa hivyo." Alikuwa anaigiza sauti zao. Na amekiri kwamba mkesha wa hapa kwetu humkaa vibaya.

Tumekubaliana hivi. Jioni ya tarehe 24 tunaalika ndugu waliopo karibu, na mama mkwe tunampigia simu ya video asimulie mwenyewe. Wageni wakiondoka tunaangalia Home Alone, wawili tu. Tarehe 25 usiku ni Die Hard, nami nimeahidi kumwangalia yule mume pale mapokezi. Tamthilia ni tarehe 26, Mama Wawili ameshinda.

Swali la mwisho: jioni ya wageni kutakuwa na watoto wadogo. Kuna kitu kifupi cha kuwawekea bila kuzima mazungumzo ya wakubwa?

Mpenda Sinema:
Wawekee The Snowman, katuni ya Uingereza ya 1982. Ni dakika 26 tu, na wahusika hawaongei, hadithi inakwenda kwa picha na muziki, na katikati kuna wimbo mmoja. Mama mkwe anaweza kusimulia kwa raha zake na watoto wasipoteze chochote. Ila mwishoni yule mtu wa theluji anayeyuka, na wapo watoto wanaolia, kwa hiyo mwenye mdogo akae naye karibu. Iwekeni mapema, kabla wageni hawajaanza kuaga.