Barua ya kukatiwa gesi imekuja, Jumatatu nina miadi Community Action. Naombeni ushauri

Mkwezi: Habari zenu wakuu. Niko Columbus, Ohio, mama wa watoto wawili. Mume wangu kapunguziwa saa kazini, mimi nafanya usafi wa maofisi usiku. Juzi imekuja barua ya kukatiwa gesi, na ndiyo inayopasha nyumba joto. Huku ni theluji tupu. Jirani kanielekeza kwa shirika la Community Action la kaunti yetu, wanaosaidia watu wa kipato cha chini, nikapata miadi Jumatatu. Swali langu: wanachunguza sana? Wanafika mpaka nyumbani? Silali kwa wasiwasi.

BabaD: Pole sana dada. Mimi niko Dayton, nimepita huko. Beba kitambulisho, kadi za Social Security (zile zenye namba ya hifadhi ya jamii) za wote mnaoishi hapo, slipu za mshahara za siku 30 zilizopita, bili yenyewe na hiyo barua. Msaada wa dharura ya baridi Ohio unaanza Novemba na kufungwa mwisho wa Machi, kwa hiyo uko ndani ya muda. Hela hupewi mkononi, inakwenda kampuni ya gesi. Na kama una mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, uliza habari za Head Start, chekechea ya bure kwa watoto wa kipato cha chini. Binti yangu aliingia hajui Kiingereza hata neno moja. Walimlisha, wakampima macho na meno. Leo ananisahihisha matamshi mbele ya wageni!

Kivumbi_Dar: Yaani mtu anauza shamba aende Marekani, halafu anapanga foleni ya msaada. Rudini nyumbani, huku jua ni la bure.

MzeeKikale: Kivumbi, usimvunje moyo. Haya mashirika yana historia. Rais Johnson wa Marekani alitia saini sheria iliyoyaanzisha Agosti 1964, katika vita alivyotangaza dhidi ya umaskini, na Sargent Shriver akakabidhiwa usimamizi. Head Start ikafuata 1965. Ninachokipenda ni bodi zao: angalau theluthi ya wajumbe lazima wawakilishe watu wa kipato cha chini wa eneo hilo, theluthi ni viongozi wa kuchaguliwa, waliobaki wanatoka kwenye biashara, dini na asasi. Nimekaa kwenye kamati nyingi za kijiji Rufiji. Maskini tulikuwa tunamwita kuja kubeba viti. Kwa hiyo binti yangu, nenda kifua mbele.

Tausi77: Shoga, mbona umeulizia kufika nyumbani? Mko wanne tu?

Mkwezi: Wanne.

Tausi77: Wanne wanaolala hapo kila siku?

Mkwezi: Kuna shemeji, mdogo wake mume wangu. Yuko sebuleni tangu Agosti. Anaendesha foklifti, kipato chake kizuri kuliko chetu. Kwenye fomu ya mtandaoni nimeshaandika wanne. Kwenye mkataba wa nyumba hayumo, na kasema atahama.

BabaD: Dada, hapo ndipo penye kazi. Wanahesabu wanaoishi pamoja na kutumia gesi hiyo hiyo, mkataba wa nyumba hausemi yote. Mwandike. Ohio kikomo cha kipato ni asilimia 175 ya mstari wa umaskini wa serikali, na mstari wenyewe unapanda kila mtu anapoongezeka. Watano wana kikomo cha juu kuliko wanne. Umepiga hesabu na mshahara wake ndani?

Mkwezi: Sijapiga. Lakini nikimwandika tukazidi, wanangu walale na baridi? Yeye si baba yao. Hachangii bili.

Tausi77: Hachangii kabisa?

Mkwezi: Hunipa dola 200 kwa mwezi. Ila ile ni ya chakula, anakula sana.

Kivumbi_Dar: Chai hii, tena ya tangawizi. Nimefungua nyuzi zako za zamani. Mwaka jana ulikuwa unauza kiwanja Kibaha na ukajiita baba wa mtoto mmoja. Leo mama wa wawili Ohio. Mods, fungeni.

MzeeKikale: Hata mimi nimeona. Mleta mada, tueleze.

Mkwezi: Sidanganyi jamani. Akaunti ni ya shemeji. Aliiacha wazi kwenye tableti ya watoto, mimi sina ya kwangu.

Tausi77: Mungu wangu. Kwa hiyo mtu uliyemficha kwenye fomu, atakapofungua simu atakuta umeandika kwa jina lake.

Nyangumi_Mtulivu: Samahani, kile kiwanja cha Kibaha bado kipo? Kina hati?

Mkwezi: Kiwanja muulizeni mwenyewe. BabaD, nimewapigia leo. Dada wa mapokezi kasema fomu naweza kuirekebisha kwenye miadi, kabla ya kusaini, na kama tumezidi wataangalia mipango mingine ya kulipa kidogo kidogo. Sasa slipu za shemeji nitaziombaje? Hajui kama kuna barua. Mume wangu hataki mdogo wake ajue tumeshindwa bili.

BabaD: Mumeo ndiye wa kuongea naye, na iwe leo usiku. Mwambie ampe barua aisome mwenyewe.

Mkwezi: Mume wangu yuko zamu mpaka saa sita usiku. Nitamsubiri.

Nyangumi_Mtulivu: Na kuhusu hati?